Matone Mia na Ishirini na Tano

4 Novemba

Leo Madam Generoza amerudisha test ya kwanza ya dawa na mahesabu yake. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Karatasi nimeikunja mara nne nikaificha ndani ya kiatu, maana hosteli hii haina siri. Ukiweka kitu chini ya godoro asubuhi, jioni kinajadiliwa bombani.

Kisha akatuambia kila mmoja aanzishe daftari lake: umesoma nini, umesomaje, nini kimekuzuia. Hatalikusanya. "Ni la kwenu wenyewe," akasema. "Msijidanganye humo." Mkufunzi huyu ana miaka ishirini na tisa, mimi thelathini na tatu, na kila asubuhi namwamkia shikamoo sawa na watoto wengine. Leo shikamoo yenyewe ilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Haya, nimeanza. Mimi ni Nyanjige, mama Kabula, wa Sapiwi. Baba yake Kabula alikwenda Mwanza, akaoa huko, na habari zake ziliishia hapo. Mtoto nimemwacha kwa mama yangu. Miaka tisa nimekuwa mhudumu kwenye zahanati ya kwetu: kufagia, kuchemsha vifaa, kupima watoto uzito, kukaa na mgonjwa aliyetundikiwa dripu na kumwita nesi chupa ikikaribia kuisha. Sasa nipo chuo hapa Bariadi nitoke nikiwa nesi mwenyewe.

Nimesoma nini? Sura ya pili. Nimesomaje? Kitandani, mpaka kitabu kikaniangukia usoni. Nini kimekuzuia? Kitabu.

5 Novemba

Joto kali, mvua hakuna. Nimesoma kurasa kumi na mbili, sikumbuki hata moja.

9 Novemba

Ninayelala naye chumba kimoja anaitwa Winnie, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kiloleli. Ana sanduku zima la viatu na kichwa kinachonasa kila kitu. Akisoma ukurasa mara tatu anausema wote, hadi nukta. Test ya kwanza alipata sabini na nane. Nilimchukia siku nne nzima, halafu nikachoka, maana ni mtoto mwema na huchota maji ya watu wawili.

Leo ameniuliza, "Mama Kabula, kwa nini uliacha kazi? Si ulikuwa unapata mshahara?"

Nikamweleza. Mwaka juzi, saa saba mchana, mama mmoja alileta mtoto aliyekuwa amekauka kwa kuhara. Nesi alikuwa ameitwa kwenye semina mjini. Dripu ilikuwepo, sindano ilikuwepo, mimi nilikuwepo, lakini mhudumu haruhusiwi kugusa mshipa wa mtu. Tukampakia mtoto kwenye bodaboda kwenda hospitali. Alifika hai. Ila yule mama, kabla ya kupanda pikipiki, alinitazama mikono. Hakunitazama usoni, alinitazama mikono.

Winnie akasema, "Basi utapita." Watoto wa siku hizi wanatoa ahadi kama pipi.

14 Novemba

Paschal amekuja na desa. Kwa asiyejua, desa ni maandishi yaliyofupishwa ya mwanafunzi aliyetangulia. Hurithiwa mwaka hadi mwaka, na anayelishika desa zuri ana heshima kuliko mwenyekiti wa darasa. Hili ni la kaka yake aliyemaliza na kufaulu. Paschal ni wa Mwamanyili, ana miaka ishirini na mbili na mdomo wa dalali wa mnadani.

"Maza," ameniambia, "achana na vitabu. Kitabu kina kurasa mia nne, desa lina thelathini na mbili. Hesabu mwenyewe."

Nimehesabu. Tumeunda kundi la wanne: Paschal, Winnie, Januarius ambaye husema maneno sita kwa siku, na mimi. Winnie atalinakili upya, maana la zamani lilishalowa chai na herufi zimefifia.

20 Novemba

Mvua! Mama amepiga kwa simu ya jirani kusema wanapanda pamba, na mimi nipo nakariri majina ya dawa.

2 Desemba

Nimegundua jambo. Nikikaa nalala, nikifagia nakumbuka. Kwa hiyo naamka saa kumi na moja alfajiri, nafagia korido ya hosteli na kusema desa kwa sauti. Matroni anadhani nimeokoka.

Kurasa ishirini na sita zimeingia. Sielewi, lakini zimeingia.

9 Desemba

Kesho test ya pili. Tumekaa wanne nyuma ya jiko la chuo, tunaulizana maswali. Tukafika kwenye dripu: lita moja ya maji, iishe kwa saa nane, je ni matone mangapi kwa dakika? Desa lina hesabu yake imepangwa vizuri kwa mwandiko wa Winnie, na jibu limepigwa mstari: mia na ishirini na tano.

Nikagonga mwendo huo kwa kidole gotini, nikaona ni kasi mno.

Wengine walipoenda kunywa uji, Winnie akabaki. Akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kabula, hii mia na ishirini na tano ni sawa kweli? Wewe si umekaa na dripu miaka yote hiyo?"

Nikamjibu, "Desa ndivyo lilivyosema. Kaka yake Paschal alifaulu."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga daftari.

10 Desemba

Test. Swali la dripu limekuja vilevile. Nimeandika mia na ishirini na tano.

14 Desemba

Leo nitaandika sana, hata mkono ukiuma.

Tumeitwa ofisini wote wanne, saa tatu asubuhi. Madam Generoza alikuwa amepanga karatasi zetu mezani, na zetu hazikuwa peke yake. Kumbe mwandiko wa Winnie umezunguka vyumba vyote vya wasichana. Watu kumi na mmoja wameandika jibu moja lenye kosa moja. Sisi wanne tumepanga hata mistari ya hesabu sawasawa.

"Hii inaitwa kuibia mtihani," akasema. "Mnajua adhabu yake."

Tunaijua. Ni kufukuzwa chuo. Januarius akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilitazama sakafu. Macho yangu miaka tisa yamezoea kutazama sakafu.

Akatutenganisha, akatuita mmoja mmoja kwenye chumba cha vitendo. Zamu yangu ilipofika nikakuta stendi, chupa ya maji, mpira wa dripu na ndoo chini. Akanipa saa yake ya mkononi. "Weka matone mia na ishirini na tano kwa dakika."

Nikafungua kile kigurudumu cha kwenye mpira. Tone, tone, tone, halafu mawili kila sekunde. Yakakaribia kuwa mstari. Ni taabu hata kuyahesabu. Chupa ile ingemalizika chini ya saa tatu badala ya nane, na kama ni mzee mwenye moyo mbovu tungekuwa tumemzamisha kitandani. Nikakirudisha kigurudumu bila kuambiwa. Vidole vilikwenda vyenyewe mpaka mwendo ninaoujua, ule ambao nimekaa nao mchana kutwa nikimpepea mtu nzi. Madam akachukua saa, akahesabu dakika nzima.

"Arobaini na mbili," akasema. "Ndilo jibu lenyewe. Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nimeangalia tu miaka tisa."

"Sasa kwa nini uliandika mia na ishirini na tano?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Madam."

Halafu akaniuliza, "Kuna mwenzako yeyote aliyekuuliza kabla ya mtihani?"

Nikasema hapana.

Ndiyo, nimeliandika. Madam alisema tusijidanganye humu. Nilisema hapana.

Mchana akatoa uamuzi. Hatukuibiana, tulimeza kosa moja kutoka sufuria moja. Mpira wa kawaida unatoa matone ishirini kwa mililita, ule mwembamba wa watoto unatoa sitini, na desa letu liliandika sitini kwa mipira yote miwili. Kila aliyeandika hivyo anapata sifuri kwenye swali lile. Na kwa kuwa karatasi iliyozunguka ni mwandiko wa Winnie, Winnie peke yake anapewa barua ya onyo, na nakala inakwenda kwa baba yake Kiloleli.

Paschal akasema kwa haraka, "Desa la kaka lilikuwa sahihi, yeye ndiye aliyenakili vibaya." Kwenye la kaka yake pale mahali pana doa la chai, hakuna awezaye kujua. Winnie alinigeukia mimi. Nilidhani atasema, "Lakini nilimuuliza Mama Kabula." Hakusema. Alilia bila sauti, akaipokea barua kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao.

Alama zangu za test ya pili ni thelathini na sita. Nimepiga hesabu mara tatu: mtihani wa mwisho nisipopata sitini na moja, sifiki hamsini ya kupita, nimekwisha. Nitarudi Sapiwi kushika fagio. Nastahili, lakini sitaki.

21 Desemba

Sapiwi. Likizo. Kabula amerefuka, anajifanya hanijui vizuri. Saa moja baadaye amelala mgongoni kwangu.

23 Desemba

Palizi ya pamba. Kundi la majirani kumi na nne linazunguka shamba hadi shamba, na leo ilikuwa zamu ya kwetu. Sayi, mwenye kundi, anapima kwa kamba na kumkatia kila mtu ngwe yake. Mtu anaangalia ngwe yake tu. Ukiinua macho ukaliangalia shamba lote utakaa chini. Na kuna sheria moja: aliyemaliza hapumziki, anazunguka upande wa pili na kuanza kumlimia aliyebaki nyuma, mpaka majembe yao yakutane.

Nilikuwa wa mwisho. Miezi miwili ya kukaa kwenye kiti imenilainisha mikono. Aliyezunguka kunipokea ni bibi wa miaka sitini. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nesi," akasema, "hujambo huko ofisini?"

27 Desemba

Mama yangu, Kwandu, hajui kusoma hata jina lake. Leo tukiwa tunapeta mpunga alisema, "Nieleze hicho kilichokufelisha."

Nikaanza kwa maneno ya desa. Akanikata. "Nieleze kwa Kisukuma. Hayo mengine ni ya kwako na walimu wako."

Nikajaribu. Nikasema minzi, yaani maji, yanatoka kwenye chupa, yanapita kwenye mpira, yanadondoka. Mpira mmoja unadondosha matone ishirini kujaza kiasi hiki, mwingine sitini kujaza kiasi kilekile.

"Kwa nini?" akauliza.

Kurasa thelathini na mbili kichwani, na sijui kwa nini.

Mama akachukua kopo, akaenda mtungini. Akamimina maji kwa mdomo mpana, tone likaanguka kubwa, pwaa. Akachukua mrija wa ua la boga, akapitisha maji humo, tone likaanguka dogo. "Mdomo mwembamba, tone dogo," akasema. "Tone dogo, lazima yawe mengi ndipo kijazwe kile kipimo. Ndicho hicho?"

"Ndicho hicho, mayu, mama yangu."

"Na hicho ndicho mmefelia watu wazima kumi na mmoja?"

Nilicheka nikaona haya kwa pamoja. Kisha nikamweleza habari ya Winnie yote, na lile hapana langu. Hakunifokea. Aliendelea kupeta, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe umeuficha uchi wako kwa nguo ya mtoto wa watu."

2 Januari

Jua. Mvua imekata. Nimemfundisha mama vidonda, shinikizo la damu na dawa ya minyoo, vyote kwa Kisukuma. Ninapokwama ndipo nilipokuwa sijui. Naweka alama hapo, narudi kitabuni. Kurasa tano kwa siku, lakini hizi zinakaa.

7 Januari

Chuo kimefunguliwa. Sikufungua hata begi. Nilimkuta Winnie anatandika kitanda, nikamwambia nikiwa nimesimama:

"Ulivyoniuliza ile siku, nilijua si sawa. Na Madam aliponiuliza kama kuna aliyeniuliza, nilisema hapana."

Alibaki ameshika shuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Nikamwambia ukweli, ingawa hauna sura nzuri. Kwamba miaka tisa nikimwambia nesi, "Nesi, chupa hii inakwenda kasi," najibiwa, "Wewe shika fagio lako." Kwamba mtu akiwa na karatasi, mimi naona yeye ndiye anajua. Na kwamba nilimwona yeye na sabini na nane zake nikaogopa kuonekana mshamba mbele ya mtoto.

"Mimi nilikuuliza wewe," akasema, "kwa sababu sisi wote tulikuwa tumesoma tu. Wewe ndiye uliyewahi kuyaona matone yenyewe." Baba yake, akaniambia, hajasema naye tangu barua ifike. Krismasi yote alikula peke yake jikoni.

Akakunja shuka yake, akahamia chumba cha mbele ya chetu. Viatu alivibeba kwa safari mbili. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Niache."

8 Januari

Nimekwenda kwa Madam Generoza. Nikasema shikamoo, na leo ilitoka vizuri. Nikamweleza. Nilitegemea anifukuze.

Akauliza, "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu barua ile ilitakiwa iende Sapiwi, siyo Kiloleli."

Akasema ataandika barua nyingine kwa baba yake Winnie, kwamba binti aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi akajibiwa vibaya. Onyo langu mimi nalo liko njiani, kwa jina langu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Dada Nyanjige, mimi nilipoanza kazi, kumfunga mgonjwa bandeji isiyoanguka nilifundishwa na mhudumu. Nilimtukana kwanza, ndipo nikajifunza. Ukijua jambo darasani mwangu na ukanyamaza tena, nitakufelisha mwenyewe."

Nilimdharau huyu binti miezi mitatu. Nilikuwa mjinga.

9 Januari

Nimepata kundi jipya: Januarius, Paschal, na mimi. Winnie nimemwalika kupitia kwa Paschal, amekataa. Anasoma peke yake, kwa desa lilelile lililosahihishwa.

Masharti nimeyaweka mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, barazani kwa jiko. Kitabu kinakatwa ngwe, kila mtu ya kwake. Unakuja kufundisha bila karatasi. Wengine wanauliza kwa nini, na kwa nini, mpaka useme sijui. Ukisema sijui, hakuna anayecheka, wote tunafungua kitabu.

"Maza, hii ni kusoma au ni kulima?" Paschal akauliza.

"Ni kulima."

"Basi mimi ni mvivu tangu nyumbani." Lakini amekuja. Amekiri hajawahi kuingia maktaba, na alipoingia leo mtunza vitabu alimuuliza kama amepotea.

13 Januari

Paschal amesema sijui mara kumi na nne. Ni rekodi.

19 Januari

Jua tu. Mama anasema pamba inakunja majani. Leo Januarius amefundisha dozi kwa uzito wa mgonjwa. Kwao ni wafugaji, na alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima uliopita: jinsi baba yake anavyokadiria dawa ya ng'ombe kwa kuangalia mgongo, jinsi ndama wawili walivyokufa kwa makadirio hayo, na kwa nini yeye aliamua kusomea mizani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tulikuwa tumeelewa wote.

25 Januari

Kiingereza cha maswali kinanitoa jasho. Zamani Winnie alikuwa ananipa maneno kumi kila jioni, nami namfundisha kupima presha. Nimepita mlangoni kwake mara tatu leo. Nasikia anakariri. Ana sauti nzuri, lakini anaposimama kupumua hajiulizi kitu.

Ninamkosa. Naandika hivyohivyo.

1 Februari

Mvua imerudi, kubwa, na mabati yakapiga kelele hata hatukusikiana. Tumefundishana kwa ishara. Paschal ameigiza figo. Sitaisahau figo maisha yangu yote.

8 Februari

Nimefagia, nimesema, nimeandika. Saa kumi na moja hadi saa moja ni za kitabu. Simu naikabidhi kwa matroni. Usiku nalala. Nimeacha kuona fahari ya kukesha, maana kila nilichosoma nikisinzia nimelazimika kukisoma upya.

17 Februari

Mtihani.

Nimesoma kila swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Nimeanza na ninayoyajua. Swali la sita likaja: mtoto, mililita mia tano, saa kumi, mpira mwembamba. Hesabu ikatoa hamsini. Zamani ningepiga mstari na kuendelea. Leo nikafumba macho kidogo, nikaliona tone. Hamsini kwa dakika, karibu kila sekunde moja, tone dogo. Inakubali. Ndipo nikapiga mstari.

Winnie alikuwa safu ya pili. Aliandika haraka mwanzoni. Saa ya pili ilipofika, kalamu yake ilikuwa mezani, naye akitazama dirishani. Maswali mwaka huu hayakuuliza nini, yaliuliza kwa nini.

20 Februari

Imekwisha. Tunasubiri. Nimelala saa kumi na moja mfululizo.

12 Machi

Matokeo yamebandikwa saa nne asubuhi. Paschal alinisukuma mbele, "Pisheni mama mzazi apite!" Nikatafuta jina kwa kidole. Mtihani wa mwisho: sitini na saba. Jumla: hamsini na tatu. Nimepita.

Nilidhani nitapiga vigelegele. Nilishika ukuta. Januarius amepita, Paschal amepita na anadai ni figo. Madam Generoza alikuwa anapita na mafaili. Hakusimama, alisema tu, "Dada, muhula ujao sitaki hamsini na tatu."

Kisha kidole kikashuka chini zaidi. Winnie: arobaini na nane. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, tarehe mbili Aprili. Akiikosa hiyo, safari yake imeishia hapo.

Furaha yangu yote ikaenda wapi sijui. Aliyeuliza swali amefeli, aliyelificha jibu amepita.

Nilimkuta chumbani kwake, mlango wazi, anapanga nguo kwenye begi. Wenzake wawili walikuwa kitandani wanachati. Nikaingia, nikapiga goti sakafuni mbele yake, yote mawili, kama tunavyowapigia wakubwa zetu. Kwetu mtu mzima hampigii goti mtoto. Wale wawili wakaacha simu.

"Mama Kabula, inuka," Winnie akasema. Alishtuka hasa. "Inuka, watu wanaona!"

"Waone. Januari niliongea na wewe nikiwa nimesimama. Haikuwa kuomba msamaha ile, ilikuwa kutua mzigo. Leo naomba. Nisamehe, Winnie."

Akanishika mabega kunivuta, nikawa mzito, akashindwa, mwishowe akakaa chini sakafuni na yeye. Tukabaki hivyo kama watu wanaochambua mchicha. Akaanza kulia, safari hii kwa sauti.

"Baba alipiga simu baada ya barua ya pili," akasema. "Aliniomba radhi. Sasa nitamwambia nini?"

"Utamwambia una wiki tatu. Twende Sapiwi."

"Sapiwi kufanya nini?"

"Kusoma. Kuna chumba. Kuna mtoto wangu, atakusumbua. Kuna mama yangu, haachi kuuliza mpaka mwenyewe uelewe unachosema. Na wewe utanifundisha Kiingereza, maana muhula ujao nimeshatishiwa."

Akajifuta pua kwa kanga yangu. "Kuna mtandao huko?"

"Hakuna."

Wale wawili kitandani walikuwa wametega masikio.

"Nikikuuliza kitu," akasema, "na hujui?"

"Nitasema sijui."

"Na ukijua?"

"Nitasema. Hata kitabu kikikataa."

Akaushika mkanda wa begi, akauachia, akaushika tena. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nisingemwamini mtu kama mimi haraka. Kisha akafungua begi, akatoa viatu vya visigino jozi tatu, akavirudisha uvunguni.

Tunaondoka kesho saa moja asubuhi. Nimemwambia achukue ndala tu, njia yote ni tope.